Kulia na Kushoto kwa Wakati Mmoja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kunitafuta, maana katika habari hii wajinga ni wengi na nitawapitia mmoja mmoja bila upendeleo. Lakini kiti cha mbele kilikuwa changu, na nilikikalia vizuri, miguu nimeinyoosha.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Si fundi wa juzi anayefungua injini huku anatazama simu ili aambiwe kinachofuata. Mimi nimefundishwa kwa kipigo. Mzee aliyenipa kazi hii alikuwa na spana namba kumi na saba, na spana ile ilikuwa na kazi mbili: kufungua nati na kunigonga kisogoni. Kidole changu kimoja cha mkono wa kushoto ni kifupi kwa sababu kipande chake kililiwa na mnyororo. Tangu siku hiyo najua mnyororo unaozunguka haushikwi. Mguuni nina alama ya ekzosi. Tangu hiyo najua ekzosi haipoi kwa kuangaliwa. Elimu yangu yote imekuja hivyo, kila somo na kovu lake. Na mtu aliyesoma kwa makovu hupatwa na ugonjwa mmoja: kila asiye na kovu humwona hajasoma.

Shemeji yangu hana kovu hata moja.

Shemeji huyu ni mume wa mdogo wangu wa kike, na kazi yake ni kutengeneza redio. Ana kibanda chembamba kama kabati, na humo hukaa juu ya stuli kutwa nzima, lenzi ya kukuzia ameibana jichoni, anapuliza vumbi kwenye vitu vidogo kama mtu anayempozea mtoto uji. Vidole vyake vyembamba, vyeupe kwenye kucha. Jioni anatoka kazini msafi kuliko alivyoingia. Siku ya kwanza mdogo wangu alipomleta nyumbani nilimwuliza anafanya kazi gani, akaniambia. Nikamwuliza tena: "Nimesema kazi, sikuuliza unapenda nini." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Basi mtu anayecheka ukimdharau, mimi nilimweka kwenye fungu la watu wa bure, na miaka minane sikuona sababu ya kumtoa.

Mdogo wangu ni wa upande wangu. Ana miaka sita anaendesha pikipiki, abiria, magunia, mitungi ya gesi, jua lake, mvua yake. Mwaka ule maabara moja kubwa ikatangaza inataka waendesha pikipiki kumi na wawili wa kubeba chupa za damu kutoka zahanati za pembeni. Mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu, na likizo. Likizo! Katika ukoo wetu mtu wa mwisho kupata likizo alikuwa marehemu babu, na hiyo aliipata kwa kufa.

Mtihani wa kuandika alishinda. Wa kuendesha alishinda. Kilichobaki ni ukaguzi wa pikipiki, na karatasi ilikuwa haina huruma: taa mbili za ziada mbele, za kupenya ukungu, zenye swichi yake, indiketa nne zinazofanya kazi, kumi na wawili wa kwanza watakaopita ndio watakaoandikwa. Ukaguzi ni siku moja, saa tatu hadi saa sita. Waliopita hatua za nyuma walikuwa zaidi ya thelathini.

Sasa pikipiki ya mdogo wangu kwa upande wa indiketa ilikuwa kilema. Moja imefungwa kwa nailoni, moja imebaki shingo bila kichwa, na za nyuma zote mbili zilishavunjwa na magunia. Alikuwa anaonyesha njia kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Akaja gereji kwangu mchana wa siku moja kabla ya ukaguzi, boksi la taa mpya limefungwa nyuma. Na nyuma ya boksi, mumewe, begi la vifaa amelikumbatia.

"Kaka, taa hizi hapa. Na huyu nimekuja naye akusaidie waya."

Nikamtazama shemeji kuanzia viatu. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Gereji! Mtu anakuja gereji na viatu vya kupigwa rangi.

"Anisaidie waya, au nimshike mkono asichafuke?"

"Kaka, usianze. Waya ni kazi yake."

"Waya za redio. Redio inakaa juu ya kabati inatoa salamu za mchana. Pikipiki inaruka mashimo. Shemeji, we umeshaona redio inaruka shimo?"

"Nimeona zilizorushwa," akasema kwa upole wake ule, "wenyewe wakigombana."

Sikucheka. Mzaha ni wangu mimi, siugawi. Nikamwonyesha tairi kuukuu akalie, nikaanza kazi.

Na kazi, nisijidhulumu, niliifanya. Vishikio vya taa za ziada nilivikata kwa bapa la chuma, nikavitoboa, nikavikaza chini ya taa kubwa kwa bolti mbili kila upande, katikati nimeweka mpira ili taa isitetemeke ikapasuka roho. Waya ya umeme niliitoa betri nikaipitisha kwenye fyuzi. Rilei, kile kiswichi cha umeme kinachopokea amri ya swichi ya mkononi, nikaifunga chini ya kiti, pasipofikiwa na maji. Waya ya kurudi niliifunga kwenye fremu baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, maana mafundi wengi hapo huwa wanafunga juu ya rangi, halafu taa ikikataa wanasingizia mchawi. Swichi nikaiweka mkono wa kushoto, karibu na kidole gumba. Nikawasha. Ukuta wa jirani ukawa mweupe na paka wake akahama.

Nikaja kwenye indiketa. Zilikuwa hizi mpya za LED, zinazokula umeme kidogo. Nilijua kuwa ukiziunga kwenye flasha ya zamani, yaani kile kidude kinachofanya taa zipepese, zitapepesa kama jicho la mtu aliyeingiwa na pilipili. Kwa hiyo flasha nayo nikaibadilisha. Mnaona? Sikuwa mbumbumbu. Ningekuwa mbumbumbu kamili ningeuliza. Kilichoniponza ni kule kujua nusu.

Ili nipitishe waya vizuri nilikuwa nimeifungua dashibodi, nikachomoa soketi yake, nikaiweka juu ya meza. Nikajaribu. Kulia: mbele na nyuma zikapepesa, za kulia tu. Kushoto: za kushoto tu. Safi kabisa. Mdogo wangu akapiga kofi moja la furaha.

Shemeji akanyanyuka kwenye tairi lake. "Shemeji, kile kitaa cha kijani cha kwenye dashibodi, kinachoonyesha indiketa. Kiko kimoja tu, sivyo? Sasa dashibodi ikirudi..."

"Ikirudi itarudi na skrubu zake nne."

"Ndiyo, lakini ukisharudisha, ingefaa ujaribu ten..."

"Shemeji," nikamkata, bisibisi nimemwelekezea kifuani, "kazi yangu haijaribiwi mara mbili. Anayejaribu mara mbili hakuamini mara ya kwanza. Kitaa cha kijani katafute kwenye redio zako."

Akarudi kukaa kwenye tairi lake. Ndiyo tabia yake, ukimkata halazimishi. Mimi nikaona nimeshinda. Nikarudisha dashibodi, nikachomeka soketi, nikakaza skrubu nne, nikapangusa tangi kwa tambara mpaka nikajiona humo. Kujiona nilijiona sana.

Asubuhi mdogo wangu akanipitia. Nilisema lazima niende naye. Nilitaka niuone uso wa mkaguzi akiona kazi. Mumewe akaenda zake kibandani, na nilisikia mdogo wangu akimwambia simu isikae mbali. Nikapanda nyuma. Tulipokata kona ya kwanza, lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu. Nikageuka nikamwonyesha dereva kidole gumba, nikijua anasifia taa. Kona ya pili akapiga tena, akatoa na kichwa dirishani. Nikamwambia mdogo wangu: "Unaona? Hata watu wa malori wanajua kazi."

Kwenye uwanja wa maabara walikuwa wamechora mstari wa chokaa, na foleni imefika getini. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, shati limechomekwa, kalamu ameining'iniza shingoni kwa kamba kana kwamba ingekimbia. Wengi walifika kabla yetu, na wengi walikuwa wanarudishwa. Na mimi, kwa kuwa foleni inachosha na mdomo wangu hauchoki, nikaanza kukagua kabla ya mkaguzi.

Kulikuwa na mmoja taa zake za ziada zimefungwa kwa mpira wa tyubu, zimeinua uso juu. "Ndugu, wewe unabeba damu au unawinda popo?" Mwingine aliunga taa na honi kwenye waya moja, kwa hiyo taa haiwaki mpaka apige honi. "Huyu akipita kwenye ukungu, kijiji kizima kinaamka." Mbele yetu alisimama kijana aliyevaa kofia ya sufu chini ya helmeti, na vishikio vyake vilikuwa vya bati. Nikaligusa kwa ukucha. Likalia. "Kofia, bati hili ulitoa kwenye paa la nani? Wenyewe wakija mvua ikinyesha utasemaje?" Foleni ikacheka. Kofia akasema, "Mzee, ngoja zamu yako ifike." Nikamwambia zamu yangu ikifika aje asome bure.

Tulipoufikia mstari wa chokaa, waliopita walikuwa tisa. Kofia alikuwa amerudishwa: kishikio kimoja kinayumba, akaambiwa akakaze aje tena.

Mkaguzi akazunguka pikipiki ya mdogo wangu. Akawasha taa za ziada. Akazishika, akazitikisa kwa mikono miwili. Hazikutikisika. Akainama akaangalia fyuzi.

"Nani kafunga?"

"Mimi," nikasema, na hata mkaguzi hakuwa ameuliza kwa sauti ya kustahili jibu kubwa vile.

"Kazi nzuri. Dada, indiketa ya kulia."

Mdogo wangu akabonyeza. Zikawaka nne. Kulia, kushoto, mbele, nyuma, zote, kwa mpigo, kama zimefundishwa kuimba pamoja.

"Nimesema kulia."

"Hiyo ni kulia," mdogo wangu akasema. Kutoka juu ya kiti hakuona.

"Haya, kushoto."

Nne tena.

Mkaguzi akasimama, kalamu mdomoni. "Sasa aliye nyuma yako aelewe nini? Kwamba unakwenda kulia, au kushoto, au unamuaga?"

Foleni ilicheka mpaka walinzi wakatoka kibandani kwao. Na haki yao. Nilikuwa nimewakopesha vicheko vya nusu saa nzima, wakanirudishia na riba. Yule wa honi alicheka kwa honi. Taa zake zikawaka.

"Weka pembeni," mkaguzi akasema. "Ukiifanya ichague upande mmoja kabla nafasi hazijaisha, rudi."

Tukasukuma hadi ukutani. Nikafungua kiti. Nikachomoa flasha nikaichomeka. Nne. Nikageuza waya zake. Hakuna hata moja. Nikarudisha. Nne. Nikasema taa ni feki. Nikasema muuza spea ni mwizi, baba yake alikuwa mwizi, na duka lile litaungua. Nikafuata kila kiungo nilichokifunga, nikakifungua, nikakifunga tena, kwa sababu ndivyo tunavyofanya tusiojua: tunarudia tulichofanya jana kwa hasira zaidi. Nikaichapa indiketa ya kushoto kofi. Ikaendelea kupepesa, inanitazama.

"Wa kumi!" mkaguzi akaita.

Mdogo wangu alikuwa amesimama, helmeti kwapani, anakiviringisha kidoleni kile kikanda cha kufungia kidevu, anakiviringua, anakiviringisha. Hakulia, hakunigombeza. Alisema tu: "Kaka, nampigia."

"Unampigia nani?"

"Unamjua."

"Ukimpigia huyo, mimi naondoka."

"Nenda. Ila bisibisi niachie."

Simu alikuwa ameshaiweka sikioni. Sikuondoka. Nilijiambia nabaki ili niilinde pikipiki.

Hazikupita dakika kumi na tano shemeji akaingia getini. Alikuwa anakimbia. Sikuwahi kumwona anakimbia. Anakimbia vibaya, magoti yanagombana, begi limemkaa kifuani. Shati limelowa mgongoni. Na mimi, nikiona macho ya foleni yote yamehamia kwake, nikapata njia ya kuyaacha huko huko.

"Jamani, pisheni! Daktari wa redio amefika! Shemeji, ukimaliza tutafutie na stesheni ya mpira!"

Wakacheka. Mtamu ule mlio wa kicheko kinachorudi upande wako.

"Mtazameni, ametoka jasho! Andikeni tarehe, halitatoka tena mwaka huu!"

Wakacheka kidogo. Ningeishia hapo. Lakini mlevi hajui glasi ya mwisho ni ipi.

"Mwanamume mzima, mke ndiye anayepigwa na jua barabarani, yeye amekaa kivulini anapuliza vumbi. Damu mtakayompa abebe, chukueni kwanza ya huyu, haina kazi nyingine!"

Hapo hakucheka mtu. Yule wa honi akatazama chini. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akageuka. Shemeji alikuwa ameshapiga magoti mbele ya pikipiki, magoti ya suruali safi kwenye vumbi la uwanja, anafungua skrubu nne za dashibodi. Hakuinua kichwa.

"Shemeji," akasema, "nishikie hapa."

Akanipa dashibodi. Nikajikuta nimeishika, mikono yote miwili, kama sinia.

"Kitaa hiki cha kijani kina waya mbili," akasema, na alikuwa anamweleza mkewe, si mimi. "Moja imetoka indiketa za kulia, moja imetoka za kushoto. Ukiwasha kulia, umeme unapita ndani ya kitaa, unavuka hadi upande wa kushoto. Ni kidogo sana, makombo. Taa za zamani zilikuwa na tumbo kubwa, makombo hayo yasingeziamsha. Hizi mpya zinashiba kwa makombo. Ndiyo maana zinawaka zote."

"Na jana?" mdogo wangu akauliza.

"Jana tulijaribu dashibodi iko mezani. Daraja lilikuwa halijarudishwa."

Nikatazama kitaa cha kijani kilichokuwa mikononi mwangu. Kidogo kama punje ya njegere. Miaka ishirini na mbili ya spana, na nimeangushwa na njegere.

Akatoa kwenye begi kijiboksi cha dawa, na ndani yake vitu viwili vyeusi vidogo kama mchele, vina mkia huku na huku. Daiodi, akaviita. Umeme huingia upande mmoja tu, haurudi. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa na vibanio. Akavibana kwenye betri ya pikipiki ile ile, akasubiri kipate moto.

"Kumi na moja!" mkaguzi akaita. "Imebaki moja!"

Kofia akaja mbio upande wetu. "Mzee, nisaidie spana namba kumi, nikaze hiki kishikio tu."

Spana namba kumi ilikuwa mfukoni mwangu, imechungulia. Nikamwambia mikono yangu imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa: nilikuwa sinia la shemeji. Kofia akaiangalia spana, akaniangalia usoni, akaenda kuomba kwingine. Uso ule alioniangalia ninao mpaka leo.

Shemeji alikata waya ya kushoto ya kitaa, akaunga mchele mmoja. Akaleta ya kulia, akaunga mchele wa pili. Vyote viwili akavipeleka upande mmoja wa kitaa, na upande wa pili akaufunga kwenye fremu. Moshi mwembamba, harufu ya risasi ya kulehemu. Akapuliza. Lile pulizo nililolicheka miaka minane, nikajikuta nalisubiri limalizike kwa uzuri, lisiharakishwe. Akafunga tepu, akachukua dashibodi mikononi mwangu, akairudisha, soketi, skrubu nne.

"Kulia."

Kulia tu.

"Kushoto."

Kushoto tu.

"Kulia tena."

"Umeshaona!" nikasema. "Saa inakwenda!"

"Kulia tena," akamwambia mkewe. Kisha kushoto tena. Ndipo akasimama.

Mdogo wangu aliisukuma pikipiki hadi kwenye chokaa akiwa anakimbia, na Kofia naye anasukuma yake kutoka upande wa pili, kishikio kimoja bado kinanong'ona. Gurudumu la mdogo wangu liligusa mstari kwanza, kwa urefu wa kiatu. Mkaguzi akataka kulia. Akapata kulia. Akataka kushoto. Akapata kushoto. Akazunguka nyuma, akainama, akazitazama taa muda mrefu kama anayezidai kitu.

"Imechagua," akasema. Akapiga muhuri. "Kumi na mbili. Wengine tunawashukuru."

Mdogo wangu akasaini. Alisaini jina lake lote, hadi la babu yule wa likizo, akarudi kwetu akamkumbatia mumewe na begi lake katikati. Kofia alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, kofia ameivua, anaikunja. Watu walikuwa bado wamejaa uwanjani. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kokote.

Nikajongea. Nilitaka kipande changu.

"Unaona, mdogo wangu? Mkaguzi mwenyewe amesema taa za mbele kazi nzuri. Haya mambo ya mchele ni nyongeza tu."

Akamwachia mumewe, akanigeukia. Alisema: "Mwombe radhi."

"Nani?"

"Kaka."

"Ah, shemeji na mimi tunataniana. Si tunataniana, shemeji?"

Shemeji alikuwa ameshika chuma chake, anakisubiri kipoe. "Yaishe tu," akamwambia mkewe. "Umeshapita, twende."

"Hayaishi," mdogo wangu akasema. "Mwombe radhi."

"Nitamwomba. Nitakuja kwenu jioni."

"Sasa hivi. Hapa."

"Hapa? Mbele ya watu wote hawa? Mdogo wangu, hawa ni wateja wangu, kesho wananiletea pikipiki zao. Mimi nina heshima yangu mjini. Mambo ya familia huzungumzwa ndani, watu wamekaa, mlango umefungwa."

"Na ulipokuwa unamtukana, kaka, ulifunga mlango gani?"